Molekuli Ileile, Umeme Tofauti: Tunavyokosea Kuzisoma Rekodi za Seli za Sola za Kikaboni

Tangu mwaka 2024, maabara kadhaa duniani zimeripoti seli za sola za kikaboni, yaani zile zinazotengenezwa kwa misombo ya kaboni badala ya silikoni, ambazo ufanisi wake umevuka asilimia 20. Kwa teknolojia ambayo miaka kumi tu kabla ya hapo ilikuwa ikihangaika kwenye asilimia 10 na 11, hiyo ni hatua kubwa na imestahili shangwe iliyopokewa nayo. Linalonisumbua ni namna habari hiyo inavyosomwa. Karibu kila taarifa inalieleza jambo hili kama ushindi wa molekuli mpya: wanakemia wamebuni kiambato bora, kiambato kimetiwa ndani ya seli, umeme umeongezeka. Kwa usomaji huo, ufanisi ni mali ya molekuli kama ulivyo uzito wake, na kazi iliyobaki ni kuitengeneza kwa wingi. Hoja yangu ni kwamba usomaji huu unakosea mahali penye uzito kuliko pote. Ufanisi wa seli ya kikaboni unategemea jinsi molekuli ilivyokaa ndani ya tabaka, na mkao wenye uzito zaidi ni ule ambao hautajwi sana: mkao wa molekuli dhidi ya jirani yake wa aina ya pili, pale zinapokutana, kuliko mkao wake juu ya kioo kilichoibeba.

Ili kuelewa kwa nini mkao una nguvu kiasi hicho, inabidi kuanza na udhaifu wa msingi wa maada hizi. Ndani ya silikoni, fotoni, yaani chembe ya mwanga, inapomezwa, elektroni na tundu lake, yaani pengo inaloliacha nyuma, huachana karibu papo hapo, kwa sababu silikoni yenyewe hupunguza sana mvutano kati yao, na joto la kawaida la chumba linatosha kuzitenganisha. Ndani ya maada za kikaboni mvutano huo haupunguzwi kiasi hicho. Elektroni na tundu hubaki zimeshikana kama jozi iitwayo eksitoni, na nishati ya kuitenganisha jozi hiyo mara nyingi hukadiriwa kuwa elektronivolti 0.3 hadi 0.5, ilhali joto la chumba hutoa takriban elektronivolti 0.025 tu. Eksitoni huishi muda mfupi na kwa kawaida husafiri umbali wa nanomita 10 hivi kabla ya kupotea. Ili itoe umeme, ni lazima ndani ya umbali huo ikute mpaka kati ya maada mbili, moja ikiwa kitoaji cha elektroni na nyingine kipokezi, ambapo elektroni itarukia upande mmoja na tundu litabaki upande wa pili. Seli nzima ya kikaboni, ukiondoa mapambo yote, ni mbinu ya kuifikisha eksitoni mpakani kwa wakati na kisha kuziondoa chaji zake kabla hazijarudiana.

Mpaka huo ndio uliompa umaarufu Ching W. Tang wa kampuni ya Kodak, aliyechapisha mwaka 1986 seli ya matabaka mawili, moja la fthalosianini ya shaba na la pili la msombo wa perilini, yenye ufanisi wa takriban asilimia 1. Mwaka 1992 kundi la Alan Heeger, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2000, lilionyesha kwamba elektroni huruka kwa kasi kubwa mno kutoka kwenye polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, kwenda kwenye fulereni, molekuli ya kaboni tupu, na mwaka 1995 likachanganya maada hizo katika tabaka moja zilimosukana, ili popote eksitoni itakapozaliwa isiwe mbali na mpaka. Muundo huo wa mchanganyiko ndio unaotawala hadi leo. Fulereni ilishika nafasi ya kipokezi kwa miongo miwili, mpaka zilipokuja molekuli za aina nyingine: ITIC mwaka 2015, kisha Y6 iliyochapishwa mwaka 2019 na kundi la Zou Yingping nchini China ikiwa na ufanisi wa asilimia 15.7. Seli nyingi zilizovuka asilimia 18 na kuendelea zimejengwa juu ya ukoo wa Y6. Wanaosifu molekuli mpya, kwa hiyo, hawazungumzi bila ushahidi, na nitaurudia ushahidi wao hapa chini.

Sasa tuutazame mkao wenyewe. Fulereni ni kama mpira, na mpira haujulikani kama umelala au umesimama. Polima na molekuli nyingine nyingi zinazotumika kwenye seli hizi ni bapa, na kitu bapa kina njia zaidi ya moja ya kukaa. Kitabu kinaweza kulazwa kwa jalada lake, kinaweza kusimamishwa kwa mgongo wake, na kinaweza kusimamishwa wima kama kwenye rafu. Molekuli nazo huweza kulala, zikielekeza uso wao kwenye kioo. Huweza kukaa kwa ubavu. Na zile ndefu huweza kusimama kwa ncha. Zinapopangana uso kwa uso, umbali kati ya moja na nyingine ni takriban nanomita 0.35 hadi 0.38, na mawingu yao ya elektroni hugusana kiasi cha kuiruhusu chaji kuruka kutoka moja hadi nyingine. Kwa upande wa minyororo ya pembeni, ile inayoongezwa ili maada iyeyuke, hali ni nyingine kabisa. Katika polima maarufu ya P3HT, umbali kati ya safu na safu upande huo ni takriban nanomita 1.6, na katikati pamejaa minyororo isiyopitisha umeme. Molekuli ileile, kwa hiyo, ni njia nzuri ukiijia kwa uso na ni ukuta ukiijia kwa ubavu.

Athari ya kwanza ya jambo hili ni kwenye mwanga. Molekuli haimezi mwanga sawasawa kutoka kila upande. Humeza vizuri pale uwanja wa umeme wa mwanga unapokwenda sambamba na mhimili fulani wa molekuli, ambao kwa kawaida umo ndani ya ubapa wake au unafuata urefu wake. Mwanga unaoshuka moja kwa moja juu ya seli una uwanja wake katika ulalo wa kioo. Molekuli ndefu zilizosimama kwa ncha huupa mwanga huo mgongo, na tabaka zima linaweza kuonekana hafifu ingawa lina maada ya kutosha. Mihimili iliyotawanyika ovyo humeza wastani wa theluthi moja ya kiwango cha juu kabisa, na yote ikilala kwenye ulalo wa kioo wastani huo hupanda hadi nusu: mara moja na nusu ya ule wa awali bila kubadilisha hata atomi moja. Hapa inafaa kuweka angalizo ambalo mijadala mingi huliruka. Polima iliyolala na polima iliyokaa kwa ubavu zote mbili zimelaza uti wao sambamba na kioo, na kwa hiyo humeza mwanga kwa viwango vinavyokaribiana. Anayeeleza tofauti ya seli mbili za polima kwa hoja ya mwanga peke yake huenda ametumia hoja iliyowafaa watu wa molekuli fupi zinazoweza kusimama, kama fthalosianini na thiofini fupi, mahali ambapo haifanyi kazi.

Athari ya pili ni kwenye usafiri wa chaji, na hii ndiyo iliyozaa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fani hii huikariri: kulala ni kuzuri, ubavu ni mbaya. Chimbuko lake linajulikana. Mwaka 1999 Henning Sirringhaus wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walionyesha kwamba katika transista za P3HT, wepesi wa chaji, yaani urahisi wake wa kusafiri, hutofautiana kwa zaidi ya mara 100 kutegemea kama polima imekaa kwa ubavu au imelala. Katika transista umeme hutiririka sambamba na kioo, na kwa hiyo ubavu ndio ulioshinda. Katika seli ya sola umeme hukatiza unene wa tabaka, takriban nanomita 100, kutoka elektrodi ya chini hadi ya juu. Geuza mwelekeo wa mtiririko na mshindi naye hugeuka. Kanuni hiyo ina mantiki safi, na mara nyingi hufanya kazi. Kosa ni kuigeuza kuwa sheria.

Nasema hivyo kwa sababu athari ya tatu, ile inayotokea mpakani, haifuati kanuni hiyo, na ndiyo iliyo na utajiri kuliko zote. Molekuli bapa ina wingu la elektroni lenye chaji hasi juu na chini ya uso wake, na kingo zake, zenye hidrojeni, zina uchanya kidogo. Molekuli nyingi zikikaa namna moja, vijisehemu hivyo vya chaji hujumlishana na kubadilisha nishati inayohitajika kung'oa elektroni. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2008 kuhusu molekuli ya thiofini sita zilionyesha kwamba tofauti kati ya zilizolala na zilizosimama hufikia sehemu kadhaa za kumi za elektronivolti. Tofauti kama hiyo inalingana kwa ukubwa na nguvu nzima inayosukuma elektroni kuvuka kutoka kwa kitoaji kwenda kwa kipokezi. Mkemia anaweza kutumia miaka kurekebisha viwango vya nishati vya molekuli kwa kuongeza florini hapa na klorini pale, kisha mkao ukavisogeza kwa kiasi kilekile bila idhini yake.

Mwaka 2014, kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina lilitumia eksirei laini zenye upolaraiti maalumu kupima jambo ambalo hadi hapo lilikuwa likikisiwa tu: namna polima zilivyokaa dhidi ya mpaka wa ndani, kati yake na fulereni. Walikuta kwamba mkondo na kigezo cha ujazo, yaani kipimo cha jinsi seli inavyokaribia kutoa mkondo na volteji yake kwa pamoja, vilipanda pamoja na kiwango ambacho polima zilielekeza uso wao kwenye mpaka huo. Kwa maneno mengine, kioo cha chini, kilichokuwa kikitajwa katika kila makala, hakikuwa rejeleo sahihi. Ndani ya mchanganyiko uliosukana, mpaka hupinda kila upande. Molekuli inaweza kulala vizuri kabisa juu ya kioo na wakati huohuo ikamgeuzia jirani yake ubavu.

Lakini hata hapo hadithi haiishii kwenye kulala. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliotumia matabaka mawili yaliyodhibitiwa kwa makini ili kulitenga suala la mkao mpakani na mambo mengine yote. Matokeo yake yanapaswa kusomwa polepole. Molekuli za kitoaji zilizoelekeza uso wao kwa kipokezi zilitoa volteji kubwa zaidi na zilipoteza nishati kidogo zaidi kupitia njia zisizotoa mwanga. Zile zilizoelekeza ubavu zilizalisha chaji kwa ufanisi zaidi, kwa sababu mgusano dhaifu ulizizuia elektroni na matundu kurudiana mapema. Mkao mmoja hukupa volti, mwingine hukupa mkondo, na umeme unaotoka ni zao la vyote viwili. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo, swali la mkao upi ni bora halina jibu moja kwa maada zote. Lina jibu kwa kila jozi, kulingana na kile ambacho jozi hiyo inapungukiwa.

Wapo wanaoliona suala hili lote kama jambo la pembeni, na hoja yao yenye nguvu zaidi inastahili kuelezwa kwa ukamilifu. Wanasema kwamba seli za fulereni zilizofika asilimia 11 zilikuwa na kipokezi kisicho na mkao wowote. Kwamba P3HT, ambayo katika tabaka lake kwa kawaida hukaa kwa ubavu, ilitoa asilimia 4 hadi 5 na ikawa kipimo cha fani nzima kwa miaka mingi licha ya mkao unaoitwa mbaya. Na kwamba mruko mkubwa ulikuja pale tu molekuli ilipobadilishwa. Yote hayo ni kweli. Ninakubali pia kwamba hakuna mkao utakaoipa molekuli uwezo wa kumeza mwanga mwekundu wa mbali ikiwa kemia yake haina uwezo huo, na Y6 ilileta uwezo huo. Hata hivyo, Y6 yenyewe ni ushahidi unaokata pande mbili. Molekuli hii ina umbo lililopinda, na inapoganda hupangana na jirani zake katika zaidi ya mwelekeo mmoja, ikijenga mtandao unaopitisha elektroni bila kutegemea foleni moja ya uso kwa uso. Sehemu kubwa ya thamani yake imo katika namna inavyokaa na wenzake. Kuisifu kemia yake huku ukipuuza mpangilio huo ni kuacha nusu ya maelezo nje.

Hoja dhaifu kuliko zote upande huo ni ile inayosema kwamba mkao hauna haja ya kuchunguzwa peke yake kwa sababu umeshaamuliwa na kemia: ukichagua molekuli umeshauchagua mkao wake. Ushahidi dhidi yake ni wa wazi kabisa. Polima inayojulikana kama N2200 hulala juu ya kioo inapopakwa, na ukiipasha joto hadi juu ya kiwango chake cha kuyeyuka kisha ukaipoza polepole, polima hiyohiyo hugeuka na kukaa kwa ubavu. Fthalosianini za shaba na zinki husimama zikiwekwa juu ya vioo vya kawaida, na hulala ukitanguliza tabaka jembamba la iodidi ya shaba chini yake, na mkondo wa seli ukapanda. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ndani ya tabaka moja la polima lenye unene wa takriban nanomita 300, molekuli zilikuwa zimekaa kwa ubavu karibu na elektrodi moja na zimelala sehemu nyingine, na kwamba kubadilisha tu elektrodi ipi iwe chini na ipi iwe juu kulitosha kubadilisha ufanisi, hadi kufikia takriban asilimia 10. Kemia ileile, tabaka lilelile, matokeo mawili. Kemia huweka orodha ya mikao inayowezekana, na mchakato wa utengenezaji ndio unaochagua kutoka kwenye orodha hiyo.

Upande wa pili nao, wa wale wanaoutukuza mkao, una kosa lake, na kwa maoni yangu ndilo linalochangia kuufanya mjadala usiaminike. Ushahidi wao mkuu ni picha za eksirei zinazopigwa karibu sambamba na tabaka, kwa pembe isiyofika nusu nyuzi. Zikionyesha alama ya mpangilio wa uso kwa uso katika mwelekeo wa wima, mwandishi hutangaza kwamba molekuli zimelala na kwamba ndiyo sababu seli ni nzuri. Alama zile kali, hata hivyo, hutoka kwenye fuwele, na fuwele ni sehemu tu ya tabaka. Maeneo yaliyochanganyika ovyo, ambako kitoaji na kipokezi hukutana kwa ukaribu zaidi na ambako eksitoni nyingi hutenganishwa, hutoa ukungu usio na umbo kwenye picha hiyo. Tunapima mkao mahali ambapo ni rahisi kuupima, kisha tunautumia kueleza kinachotokea mahali pengine. Zaidi ya hayo, matibabu yanayobadilisha mkao, yawe ni kupasha joto au kuongeza kimiminika kama diiodooktani, hubadilisha pia ukubwa wa maeneo ya kila maada, usafi wake na wingi wa fuwele. Kuupa mkao sifa zote za ongezeko la ufanisi katika hali hiyo ni kumtaja shahidi mmoja kati ya wanne waliokuwepo.

Kutoka hapo yanafuata mambo mazito kuliko ubishi wa maabara. Rekodi nyingi za seli za kikaboni hupatikana kwenye vipande vidogo sana, mara nyingi chini ya sentimita moja ya mraba, vinavyopakwa kwa kuzungusha kioo kwa kasi, huku kiyeyushi kama klorofomu, kinachochemka kwenye nyuzi 61 za Selsiasi, kikikauka ndani ya sekunde chache. Ni katika sekunde hizo ndipo molekuli huchagua namna ya kukaa. Kiwanda kinachotaka kuchapisha mita kwa mita kwenye plastiki hakiwezi kuzungusha plastiki hiyo, na kwa ajili ya afya ya wafanyakazi kitataka viyeyushi visivyo na klorini, kama zailini, ambavyo huchemka karibu na nyuzi 140 na hukauka taratibu zaidi isipokuwa vikipashwa joto. Molekuli zinazopewa muda mrefu zaidi hujipanga kwa namna nyingine: fuwele hukua, maada hujitenga, mikao hubadilika. Ufanisi unaposhuka wakati wa kupanua uzalishaji, desturi ni kulaumu mashimo kwenye tabaka na ukinzani wa elektrodi. Lawama hiyo ina haki yake, lakini sehemu ya hasara huenda ilishaingia pale ambapo molekuli iliyosifiwa kwenye rekodi ilipokaa namna ambayo rekodi haikuijua. Mwekezaji anayenunua haki za molekuli bila kununua ujuzi wa kuikausha amenunua nusu ya kitu.

Kuna pia suala la muda. Mkao unaopatikana kwa kukausha haraka mara nyingi ni mkao ulionaswa: molekuli zimeganda kabla hazijafika mahali zilipotaka kufika. Seli ikikaa juani na joto lake likakaribia kiwango ambacho maada hulegea, molekuli hupata nafasi ya kuendelea na safari iliyokatizwa. Mpaka uliokuwa umepangwa vizuri siku ya kipimo hupoteza mpangilio wake kidogo kidogo, bila molekuli yoyote kuvunjika, na uchunguzi wa kemikali utasema kila kitu kipo salama ilhali umeme umepungua. Hii ndiyo sababu siridhiki na desturi ya kutangaza ufanisi wa siku ya kwanza pamoja na picha moja ya eksirei ya siku hiyohiyo. Taarifa ninayoitamani ingeeleza kasi ya ukaushaji na kiyeyushi kilichotumika, ingepima mkao kwenye mpaka wa ndani pamoja na ule wa juu ya kioo, ingetoa wastani wa seli nyingi badala ya ile moja bora, na baada ya saa 1,000 za mwanga na joto ingeirudisha seli ileile mbele ya eksirei na kuonyesha picha ya pili kando ya ile ya kwanza.